Kwa Kine, Si Ku wa Kane

Waliokuwepo siku ile mtaani Ngagara ni hawa: mimi, mdogo wangu wa kike mwenye mguu unaouma, shangazi yetu wa Buyenzi, akiwa amevaa kitenge cha kuendea harusi na kubeba chupa ya uji, kocha wake wa mbio, aliyetufungulia mlango akiwa na mswaki mdomoni, na mama mmoja ambaye hadi asubuhi hiyo sikujua kama ni mtu. Nilidhani ni siku ya wiki.

Nieleze. Ninafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, Kinama. Inasaga muhogo mkavu na mahindi, na ikishawaka, anayetaka kuzungumza nami lazima anishike bega. Kocha alinipigia simu wakati inanguruma. Nilitoka mpaka mlangoni, nikaziba sikio moja kwa kidole chenye unga, nikamsikia akisema, "Ule mutoto, mguu yake siipendi. Umupeleke ku wa kane, hapa Ngagara. Umesikia?" Nikajibu nimesikia. Sisi huku tunasema Kiswahili chetu, cha njo badala ya ndio, lakini siku za wiki zinatutoka kwa Kirundi bila kufikiri, na ku wa kane ni Alhamisi. Nilirudi kwenye mashine nikiwa na furaha. Nilielewa kwamba kocha ameona mguu unaanza kuharibika, kwa hiyo ameliwahisha jaribio la mbio, Alhamisi hiyo hiyo, ili mdogo wangu akimbie kabla haujaharibika kabisa.

Wakati ule nyumbani kwetu hatukuwaza kitu kingine ila jaribio hilo. Klabu moja ya riadha ilikuwa inatafuta wasichana wa mbio ndefu. Anayechukuliwa analala kambini, anapewa chakula na viatu, na lililo kubwa kwangu, klabu inamrudisha shuleni. Mdogo wangu alikuwa amesimamisha masomo tangu mwaka uliotangulia. Mimi niliacha nikiwa mdogo kuliko yeye, wazazi wetu walipoondoka mmoja nyuma ya mwingine, na sikutaka jambo hilo litokee mara mbili katika nyumba moja. Kila alfajiri alikimbia Carama, kwenye zile barabara za vumbi zinazopita kati ya mashamba na nyumba mpya, na wanaolima kule walishamzoea, hawakuinua tena vichwa. Halafu muundi wa mguu wake wa kushoto, ule mfupa wa mbele tunaougonga kwenye kitanda gizani, ukaanza kuuma.

Nilipomwambia shangazi kwamba jaribio ni Alhamisi, alihamia kwetu. Kila jioni alipasha moto mawese, akasema bismillahi, akauminya muundi ule kwa vidole gumba vyote viwili kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya unga. Mdogo wangu alitazama juu kwenye mabati.

"Inauma?" shangazi aliuliza.

"Nta kibazo."

Hakuna shida. Ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu, kwa njaa, kwa mvua, kwa viatu vilivyotoboka. Nililipenda jibu hilo. Nilidhani mimi ndiye niliyemlea vizuri.

Alhamisi ilipofika hapakuwa na basi, kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Niliazima baiskeli ya pale kazini, nikampakia nyuma ili asichoke kabla ya mbio, shangazi akatufuata kwa miguu, na tulikuwa tukimsubiri kila kona. Kocha alipofungua mlango alitutazama kuanzia viatu vya mbio vya mdogo wangu mpaka kitenge cha shangazi.

"Kuna ndoa?"

"Tumekuja," nikasema.

"Naona mumekuja. Mumekuja kufanya nini?"

"Si ulisema ku wa kane?"

Akautoa mswaki mdomoni. "Ku wa kane kuna nini?"

"Leo. Leo njo ku wa kane."

"Mi najua leo ni ku wa kane! Mi nilikuambia umupeleke *kwa kine*. Kine, kine! Wa kutengeneza viungo."

Shangazi ndiye aliyeuliza. "Kine ni mutu?"

"Ni mutu, mama. Ana bwana na watoto."

"Sasa mi nimebeba uji wa nani?"

Kocha alicheka mpaka povu la dawa ya meno likamwingia puani, ikabidi akaoshe uso. Mimi nilicheka pia, kwa sababu sikujua la kufanya. Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alisimama akishika kiti cha baiskeli.

"Kwa hiyo leo sikimbii?"

"Leo apana, mama," kocha akamwambia. "Jaribio iko pale pale, mwisho wa mwezi unaokuja. Leo tunaenda kwa kine."

Kine ni kifupi cha jina refu la Kifaransa ambalo mpaka leo siwezi kulitaja lote. Ni mtu aliyesomea kutibu viungo kwa mikono na mazoezi, pasipo sindano. Huyu aliishi katika kartiye, yaani mtaa, ya pili kutoka kwa kocha, na alipokea wagonjwa katika chumba kilichokuwa gereji ya nyumba yake. Mlikuwa na kitanda kirefu, kioo, na ngazi ndogo ya mbao yenye vipandio vichache isiyokwenda popote. Niliitazama sana ngazi hiyo.

Nilitarajia atashika mguu. Hakuushika. Alianza kwa maswali kama mtu wa polisi. Maumivu yalianza lini? Asubuhi unapoamka yapo? Umeongeza mbio lini? Kwa swali la mwisho mdogo wangu alijibu kwamba tangu asikie habari za klabu alikuwa akikimbia asubuhi na jioni.

"Jioni?" kocha akasema. "Jioni nani alikuambia?"

"Hakuna mtu."

Kisha kine akatutoa nje sisi wanaume na kuwabakiza wanawake. Tulisimama uani, kocha na mimi, tukiangalia nguo zilizoanikwa. Tuliporudi kine aliniuliza kama nyumbani mdogo wangu anakula kabla ya wengine au baada yao. Nikasema tunakula pamoja. Akaniambia basi niangalie vizuri sahani, kwa sababu mfupa nao unakula. Sikuelewa. Mimi nilijua mfupa ni kama mti wa mlango, upo tu, mpaka siku uvunjike. Alisema mfupa wa mkimbiaji unabomoka kidogo kila siku na kujengwa upya kila anapopumzika, na huyu mtoto amekuwa akibomoa asubuhi na jioni, bila kuwaachia mafundi nafasi ya kuingia.

Akampandisha kwenye ile ngazi, akamwambia ashuke kwa mguu mmoja, polepole. Goti likaangukia ndani. Mara ya pili likaanguka tena.

"Voilà," kine akasema. "Tako yake imelala."

Shangazi akasimama. "Tako? Mutoto anaumwa huku chini mbele, na we unaangalia tako yake?"

"Mama, huku juu kukilala, muundi njo inafanya kazi ya wawili."

"Muundi imekuambia?"

"Goti imeniambia. Umeiona wewe mwenyewe."

"Mi nimeona goti. Tako sikuiona ikisema kitu."

Hata kine alicheka. Kisha ndipo akaushika mguu, hatimaye. Alipita kwa kidole kimoja kutoka kwenye kifundo kwenda juu, polepole, na alipofika mahali fulani vidole vya mguu vya mdogo wangu vikajikunja.

"Toka sifuri mpaka kumi, hapa inauma ngapi?"

"Nta kibazo."

"Sikuuliza kama kuna kibazo. Nimeuliza namba."

"Mbili."

"Vidole vyako vinasema saba," kine akasema.

Nilimtazama mdogo wangu usoni. Uso ulikuwa ule ule wa kila siku, uso ninaoufahamu tangu akiwa mgongoni kwa mama. Sikuona mbili wala saba.

Tulitumwa kupiga radio, ile picha ya mifupa. Ikatoka safi. Mimi nilifurahi, nikaipeleka kwa kine kama mtu anayepeleka cheti. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akasema vizuri, haujavunjika, lakini ufa unaoanza mara nyingi hauonekani kwenye radio, kwa hiyo picha safi haisemi kwamba mfupa ni mzima. "Sasa ile radio tulipiga ya nini?" shangazi aliniuliza njiani. Ugonjwa usioonekana kwenye picha, mgonjwa asemaye haumwi, na dawa inayowekwa mahali pasipouma. Huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wote.

Amri za kine zilikuwa hizi. Asikimbie kabisa. Atembee, mradi muundi usiume. Mtu asiuminye tena pale panapouma, hata kwa mawese, hata kwa bismillahi. Na kila siku afanye mazoezi ya nyonga na ya misuli ya nyuma ya mguu. Nikauliza: anapumzika au anafanya kazi? Kine akasema vyote viwili. Nikauliza: yakimchoma? Akasema yakichoma tako ni vizuri, yakichoma muundi aache. Kinama, maumivu ni maumivu. Sikuwahi kusikia kwamba yapo mazuri na mabaya, na kwamba mtu anapaswa kuyachagua kama nyanya.

Nilipanga matofali nyuma ya nyumba, yakawa ngazi yetu. Mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa, ukawa kamba ya kuvutia miguu. Mdogo wangu alilala ubavu juu ya mkeka akiuinua mguu wa juu na kuushusha, akiuinua na kuushusha, na majirani walipitia pale makusudi.

"Eh, mwanariadha gani huyu anakimbia akiwa amelala?"

"Watu wote wanakimbizana na mafuta, yeye amefika tayari!"

"Muacheni, anafundisha mkeka."

Shangazi aliwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yeye mwenyewe alikuwa amekasirika siku kadhaa kwa kunyimwa muundi. Tulipokwenda tena Ngagara alimwuliza kine waziwazi, "Basi mikono yangu ifanye nini?" Kine akamwonyesha: ashike nyonga za mtoto wakati wa zoezi, zisiviringike nyuma. Kuanzia hapo shangazi alizishika kama mtu anayeshika sufuria kwenye jiwe moja, na alikuwa mkali kuliko kine. "Imelala! Amsha!" Sauti yake ilifika barabarani.

Mimi kazi yangu ilikuwa sahani na maswali. Kila jioni nilimwuliza namba. Sifuri, alijibu. Kila jioni sifuri. Ningefurahi, lakini alijibu sifuri hata siku niliyomwona akishuka kwenye matofali na kutua kwa mguu wa kulia kwanza. Nilimwambia, "Umeuhurumia ule mwingine." Akasema, "Apana kaka, njo nilivyoshuka tu." Nikaanza kumchunguza anapoteka maji, anapokunja miguu kula, anaposimama kumpisha mtu. Kadiri nilivyomchunguza ndivyo nilivyozidi kutojua. Ni ajabu kumlea mtu miaka yote hiyo halafu ukamtazama mguu kama unavyotazama mguu wa mgeni.

Wiki zikapita, kweli akawa anashuka matofali bila goti kuanguka. Kine alimruhusu kukimbia kidogo na kutembea kidogo, kwa zamu, kwenye udongo laini. Carama ilimwona tena. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja haraka kuliko ule mfupa. Nilimwuliza kocha.

"Siku moja tu," kocha akasema. "Mbio moja. Akichukuliwa, atapumzika hata mwaka, klabu itamutunza. Akikosa, wanafunga daftari."

Nikaenda kumwuliza kine. Aliniambia hayuko tayari. Mfupa ndio kwanza unaanza kuzoea, na mbio za kushindana si kukimbia kwa zamu. Anaweza kufika mwisho. Anaweza kuvunjika katikati, na hapo atakosa mwaka na zaidi.

"Ni ipi kati ya hizo?" nikamwuliza.

"Sijui."

"Hata we hujui?"

"Hata mi sijui. Kama ningejua ningekuambia." Akafikiri. "Asubuhi ile, mwambie aruke kwa ule mguu mmoja, mara kadhaa. Ikiwa inauma hata kidogo, asikimbie. We njo baba yake."

Mimi si baba yake. Lakini nilielewa alichosema kuliko yote aliyokuwa amesema mpaka siku hiyo.

Siku ya jaribio tulifika uwanjani mapema. Wasichana wengine walikuwa wakizunguka polepole kupasha miili moto. Mdogo wangu alikuwa amefunga nywele kwa kitambaa cha shangazi na alikuwa mtulivu, mtulivu sana. Tulikwenda kando, penye nyasi, nikamwambia aruke.

Akaruka kwa mguu wa kushoto. "Sifuri," akasema.

"Tena."

Akaruka. "Sifuri."

Nilimwambia mara moja zaidi, na safari hii sikumtazama uso. Nilitazama unyayo. Ukapanda, na ulipokuwa bado hewani nikamsikia akisema sifuri. Kisha ndipo ukagusa chini.

"Umejibu kabla ya kufika," nikamwambia.

"Kwa sababu najua."

"Umejuaje kabla ya kufika?"

"Kaka, mguu ni wangu."

"Leo hukimbii."

Alinitazama kama vile nimesema kwa lugha nyingine. Akaniambia wale wengine wote wana maumivu, nimwulize yeyote pale uwanjani. Akaniambia shule ni yake, si yangu. Akasema, "We uliacha shule, mi nataka kurudi, na we njo unanifungia mlango?" Kocha akaja, akauliza kuna nini, nikamwambia hakimbii. Kocha akaniuliza kama inauma. Nikasema sijui. "Haujui, na unamukataza?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeona jibu likiutangulia mguu, basi, na hata hapo hapo nilijiuliza kama hilo ni jambo la maana au ni kuona kwa mtu aliyechoka kutazama. Lakini nilikuwa nimeshasema, na mimi nikishasema sirudi. Huo ndio ubora wangu, na pengine kasoro pia, mpaka leo sijapambanua.

Tulikaa kwenye ngazi za saruji, yeye safu moja juu yangu ili nisimwone. Mbio zikaanza. Hakuna msichana aliyeanguka, hakuna aliyevunjika. Aliyeshinda alipovuka mstari, kocha alikuja mpaka tulipokuwa, akanigeuzia saa yake niione. Ule ni muda ambao mdogo wangu aliushinda kule Carama, peke yake, kabla mguu haujauma, akiwa na viatu vilivyotoboka.

Hakunisemesha siku nyingi. Mazoezi aliendelea nayo, na hilo lilinichanganya zaidi. Nilidhani atayaacha ili kunikomoa. Alishuka matofali, akavuta mpira, akala chakula chake chote mbele yangu bila kuinua macho. Siku moja shangazi alikuwa amemshika nyonga, mimi nikikung'uta unga kwenye shati, mdogo wangu akasema akiwa amelala vile vile ubavu:

"Kaka, una deni langu."

"Deni gani?"

"Mbio moja. Ulinichukulia, utanirudishia."

"Nitairudisha namna gani?"

"Sijui. We njo mukubwa."

Shangazi akamwambia anyamaze ahesabu, kisha akanigeukia. "Amesema ukweli," akasema. "Lipa."

Siku hizi anakimbia bila kutembea katikati, na kine ameacha kumwuliza namba. Anatazama tu vidole vya mguu. Nilimwuliza kine siku moja kama mfupa ungevunjika siku ile. Akasema hakuna atakayejua. Mdogo wangu, aliyekuwa anafunga viatu, alisema yeye anajua: angefika. Kine hakumkatalia, na mimi sikumkatalia.

Shuleni bado hajarudi. Klabu inasemekana itatafuta wasichana tena, kocha hajui lini, na nikimpigia ananiambia nisimpigie, atanipigia yeye. Mdogo wangu anapotoka alfajiri ananipita mlangoni na kunigonga bega, kama mtu anayepita dukani kumkumbusha mwenye duka deni. Mbio moja nzima. Sijampa hata hatua ya kwanza.